Kidonge Kimoja na Chumvi ya Kababu

Kidonge chenyewe kilikuwa kimoja tu. Kirefu, cheupe, kina mikato mgongoni, na kichungu kuliko shubiri. Nilikaa nacho karibu wiki nne kabla ya kukimeza, na hizo wiki nne ziliniumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Ningekimeza siku niliyopewa, leo nisingekuwa na cha kuandika.

Naitwa Somoe, mama wa Shamila. Tunakaa katika kijiji kimoja kando ya barabara inayotoka Naliendele kwenda Kilambo, mikorosho nyuma ya nyumba na mihogo ubavuni. Kazi yangu ni kababu. Tangu nipone, wanawake watatu wamenijia kwa nyakati tofauti, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akaanza kwa kusema anauliza kwa niaba ya rafiki yake. Basi haya nayaandika kwa ajili ya hao marafiki.

Kababu nilifundishwa na mama mkwe wangu, Bi Zuhura. Nilipoolewa na mwanawe Hasani sikujua hata kukata kitunguu bila kulia. Mama alikuwa mpishi wa shughuli, wa maulidi na harusi na vijana wanapotoka jandoni, na mkono wake ulijulikana. Alinikalisha kwenye kigoda akanionyesha: nyama ya kusaga, kitunguu, giligilani, tangawizi, ndimu, pilipili, yai na mkate uliolowekwa. Ukishachanganya, unachota kidogo kwa ncha ya kidole unaweka ulimini.

"Onja sasa," alikuwa akisema. "Ikishaingia kwenye mafuta, umechelewa. Chumvi ikipungua utaitia wapi? Uinyunyize kwa nje?"

Nami nikaonja. Miaka kumi na miwili nimeonja nyama mbichi kila nilipopika, na kila nilipoonja nilijiona mpishi hasa, mtu anayejua kazi yake. Mama alipoanza kuchoka aliniachia karai, akabaki kukaa kwenye mkeka barazani na kutoa amri. Mwaka juzi hata msikitini aliacha kwenda. Alisema magoti hayampi ruhusa, akawa anasali chumbani kwake. Sote tulimhurumia, na Hasani alimnunulia dawa ya kuchua.

Dalili ya kwanza niliiona korosho zilipokuwa zinaishia, siku zile ambazo sote, mama akiwemo, tunarudi shambani kuokota zilizobaki chini ya majani. Tumbo lilikuwa linazunguka bila sababu. Njaa ilikuwa inanishika nikiwa nimetoka kula, halafu nikiketi kula, chakula kinanichukiza. Nikajidanganya kwamba ni mimba. Hasani naye akafurahi kabla ya wakati, masikini, akaanza kunizuia kubeba ndoo.

Haikuwa mimba. Siku moja nilikuwa nafua, nikaona kwenye nguo yangu ya ndani kitu cheupe, bapa, mfano wa kipande cha tambi kilichopikwa. Nikadhani ni tambi kweli. Kisha kikajikunja, chenyewe. Nilitupa ile nguo kwenye beseni nikarudi nyuma hatua tatu, nikasimama pale sabuni ikinikaukia mikononi.

Sikumwambia mtu. Nilifanya alivyofanya kila mmoja wa wale wanawake watatu: nikachemsha majani ya mwarobaini, nikala mbegu za papai kwa asali, nikanyamaza. Vile vipande vikawa vinatoka siku yoyote, saa yoyote, bila kunipigia hodi. Nikiwa nimesimama kwa muuza samaki, nahisi kitu kinatembea. Nikiwa kwenye karai nakaanga, nahisi. Uso unabaki unacheka na mteja, moyo uko kwingine kabisa.

Mbaya zaidi ilikuwa sala. Kitu kinapotoka huko udhu umeondoka, hilo halina mjadala. Masika yalikuwa yameshika, Ramadhani ikaandama ndani ya mvua, na mimi tangu utoto nikiipenda tarawehe kuliko kitu chochote katika mwezi ule. Usiku wa kwanza nilitoka kwenye safu mara mbili kwenda kutawadha upya. Usiku wa pili mara tatu. Wanawake walianza kuniangalia. Usiku wa tatu nikabaki nyumbani nikasema kichwa kinauma, na nililia, kwa sababu niliona nimefukuzwa na kitu ambacho hata jina lake silijui.

Kesho yake nilikwenda zahanati.

Pale zahanati benchi la kusubiria ni moja, refu, na kila anayekaa anajua mwenzake kaja na nini, au atajua kabla hajaondoka. Nilikaa mwishoni na kikopo changu cha kupimia choo nimekifunga kwenye mfuko mweusi, mfuko nimeufunga kwenye kitambaa, kitambaa nimekitia kwenye kikapu. Jirani yangu kwenye benchi alitupa jicho kwenye kikapu akaniuliza kama nauza mayai. Nilimwambia yameisha.

Daktari alikuwa dada mmoja kutoka Njombe, mgeni kwetu, anavaa sweta hata jua likiwaka. Alisoma majibu ya maabara, akaniambia nina tegu, yule mnyoo bapa wa tumboni. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, unakula nyama isiyoiva vizuri?"

Nilisimama. "Mimi ni Mwislamu, dada daktari! Nguruwe simjui hata harufu!"

"Mimi nimesema nguruwe?"

"Tegu si wa nguruwe?"

"Yuko wa nguruwe na yuko wa ng'ombe. Kaa, mama. Unapika wewe? Unapikaje?"

Nikamweleza kababu kuanzia kitunguu. Nilipofika kwenye ncha ya kidole alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Mbichi?"

"Sasa chumvi nitaijuaje?"

Alicheka kidogo, si kwa dharau. Akaniambia ni hapo hapo tegu alipopita. Akanipima uzito, akaniuliza kama nimewahi kuanguka kifafa au kuumwa na kichwa kisichopona, nikasema hapana. Ndipo akafungua kabati akanitolea kidonge kimoja. Prazikwanteli, alisema, ileile wanayopewa watoto shuleni kwa ajili ya kichocho. Mwanangu Shamila aliwahi kunisimulia jinsi walivyosimamishwa kwenye kijiti cha kupimia urefu na kupewa vidonge kulingana na kimo, na yeye mfupi alipewa viwili. Nikauliza mbona mimi mtu mzima napata kimoja.

"Kinatosha. Meza baada ya kufuturu, ukiwa umekula, na usikitafune. Na wote unaokula nao waje wapime."

Nilitoka pale mwepesi. Nilikuwa nimefunga kidonge kwenye pindo la khanga, nikirudi nyumbani chini ya manyunyu, nikijiambia leo hii hii nafuturu, nameza, yamekwisha.

Hasani nilimwambia ukweli wote. Hasani ni mtu mwema sana, ila ana kasoro moja, kwa mama yake hana siri. Alikwenda barazani kumweleza mama kwamba daktari ameagiza tupime sote. Hakupanga vizuri maneno yake. Alianza na tegu.

Nilikuwa jikoni nikikoroga uji wa futari. Nilisikia sauti ya mama ikipanda, ikichanganya Kimakonde kama anavyofanya akikasirika.

"Nangu nipime? Mimi? Nimegusa nini haramu mimi? Muulize mkeo hizo nyama za watu wa bandarini anazokula akienda mjini!"

Nikatoka na mwiko mkononi. "Mama, ni wa ng'ombe. Daktari amesema ni wa ng'ombe, kwa kule kuonja."

"Kuonja! Mimi nimeonja tangu sijavunja ungo, nimekufa? Somoe, usinisingizie mimi kwa tamaa zako."

"Sijakusingizia, mama."

"Basi hiyo dawa usiimeze. Ukimeza umekiri. Na ukikiri, mimi sili tena kutoka mkono wako."

Nikamtazama Hasani. Hasani akatazama mikorosho.

Siku ile alifuturu tende na maji tu, na uji wangu ulipoa mbele yake. Ninaweza kumsamehe mtu matusi, lakini kile kikombe cha uji kinaniuma mpaka leo nikikikumbuka. Sikumeza kidonge. Nilikifunga tena kwenye pindo, nikalala nacho.

Naomba mnielewe vizuri hapa, maana ninyi marafiki mtafika hapa pia. Nilijua kidonge kitanisaidia. Lakini nilitaka kwanza niaminiwe, ndipo nipone. Niliona nikimeza kabla mama hajakubali, basi nimejitia hatiani mwenyewe mbele ya watoto wa watu. Nikaacha mnyama aendelee kula ndani yangu ili nisionekane nimekula mnyama mwingine. Leo nacheka. Wakati ule sikuwa na hata chembe ya kicheko.

Maneno kijijini hayakai ndani. Ramadhani ndio msimu wangu, nyumba zinaniagiza kababu za futari. Mwaka huu waagizaji walipungua mmoja mmoja, kila mmoja na sababu nzuri: mgonjwa nyumbani, mgeni hali nyama, mwaka huu tunapumzika. Mmoja tu alikuwa mkweli. Alinishika mkono njiani akaniuliza, "Mama Shamila, ni kweli?" Nikamjibu si kweli, nikaona kwenye macho yake kwamba nimejibu haraka mno. Hasani na Shamila walikwenda kupima, wote salama, na hilo nalo likatumika dhidi yangu. Kama nyama ni ya jikoni kwetu, walisema, mbona wenzake hawana? Hakuna aliyekumbuka kwamba wao wanakula zilizoiva.

Nilikonda. Khanga niliyokuwa naifunga mara moja nikawa naizungusha. Usiku Hasani alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Umemeza?" Nasema bado. Anasema, "Meza, mke wangu." Nasema, "Mwambie mama yako aniambie hivyo." Ananigeuzia mgongo. Ugomvi wetu wote wa mwezi mzima ulikuwa maneno hayo tu.

Asubuhi ya Idi mvua ilikatika. Nilioga, nikatawadha, nikavaa gauni jipya, nikajitanda khanga yangu, nikaenda uwanjani na wanawake wenzangu. Safu zikapangwa. Nilisimama bega kwa bega na watu, takbira zikipaa, nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu masika yaanze. Imamu alikuwa hajahirimia, sala haijaanza. Nikahisi.

Nilijitoa kwenye ile safu polepole, nikarudi nyuma, nikapita watoto, nikaenda kukaa kando na wanawake walio kwenye siku zao. Msichana mmoja akanisogezea kipande cha mkeka, hakuuliza kitu. Sala ikasaliwa mbele ya macho yangu. Nilikuwa na udhuru ambao dawa yake iko pale pale kwenye pindo la khanga yangu, nimeibeba mwezi mzima kama hirizi. Hapo hasira ikanipanda, na safari hii ilikuwa juu yangu mimi mwenyewe.

Nikarudi nyumbani, nikala tambi za Idi (niliwaza kile kipande kwenye beseni, nikazila hivyo hivyo) na mkate wa kumimina na chai. Kisha nikatoka mpaka barazani. Mama alikuwa kwenye mkeka wake, ameshasali chumbani kwa sababu ya magoti. Nikafungua pindo mbele yake, nikatia kidonge mdomoni, nikanywa maji.

"Idi mubaraka, mama," nikamwambia.

Alinitazama kooni mpaka kidonge kikashuka.

Sitakudanganya, uchungu ule unabaki kwenye ulimi mpaka jioni. Kichwa kilinizunguka kama mtu aliyekaa juani, tumbo likanikata, nikalala chali huku nje watu wanapika pilau. Shamila alikuja kunipepea kwa ungo, akaniambia kwamba shuleni wote walijisikia hivyo na mmoja alitapika kwenye kiatu cha mwalimu. Nilicheka mpaka tumbo likauma zaidi. Kesho yake mambo yalitoka chooni, na mengi, na sitayaeleza. Daktari alikuwa amenionya nisihangaike kutafuta kichwa chake kwa kijiti, kwa kuwa mara nyingi hakionekani. Nilihangaika hata hivyo. Usinifuate katika hilo.

Baada ya hapo kazi ni kusubiri. Nilitakiwa kurudi kupima miezi mitatu ikipita. Mwezi wa kwanza kila asubuhi nilikagua nguo yangu kama askari wa forodha. Hakikuonekana kipande hata kimoja. Mwezi wa pili nikaanza kusahau kukagua. Mihogo ilikuwa tayari, nikawa nakula chikandanga, chakula chetu cha mihogo, mchana na njaa yangu ikarudi kuwa njaa ya kawaida, inakuja kwa wakati na inaondoka ikilishwa. Huruma za Mungu nyingine ni ndogo hivyo tu. Mama bado alikuwa anapikiwa na binti wa dada yake, anakula kwa kunipa mgongo.

Nikarudi zahanati watu wakiwa mashambani wanapuliza mikorosho dawa ya unga, salfa, nyuso nyeupe kwa vumbi lake. Benchi lile lile. Daktari yule yule na sweta lake, na safari hii baridi ilikuwepo kidogo, akaonekana ana haki. Aliangalia karatasi akasema, "Safi. Hakuna kitu." Nilimshika mikono yote miwili. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeivuta tangu siku ya beseni.

Jioni ile nilikuwa nasukuma moto, mama akaja jikoni. Alikuja kwa miguu yake, akachuchumaa mbele ya jiko langu bila kushika ukuta. Akawa anavunja vijiti na kuvitia motoni kimoja kimoja.

"Somoe."

"Labeka, mama."

"Kile kidonge. Ni kichungu sana?"

Nikasema ni kichungu, lakini kinapita.

"Kimoja tu kinatosha? Hata kama kitu chenyewe kimekaa... kimekaa miaka?"

Niligeuka nikamtazama. Alikuwa anatazama moto. Nikayatazama yale magoti yaliyochuchumaa pale, magoti yanayookota korosho msimu mzima kuanzia asubuhi na hayajawahi kulalamika shambani, yanalalamika msikitini tu. Na ghafla nikajua kwa nini anasali chumbani. Miaka miwili, peke yake, bila hata wa kumwambia anauliza kwa niaba ya rafiki.

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka akiba tangu Ramadhani, mengine nimeyanoa vizuri kabisa. Nilipoyatafuta sikuyapata. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanitoka, nikasingizia moshi.

"Kesho tutakwenda wote, mama," nikasema.

Asubuhi benchi lilikuwa limejaa, na kikapu kilikuwa changu kile kile, amekipakata yeye. Jirani wa mayai alikuwepo pia, nahisi huwa haondoki pale. Mama aliingia kwa daktari akatoka na kidonge kiganjani, amekishikilia kama mtu aliyeokota pete. Wanawake wakanitazama mimi, wakamtazama yeye. Mmoja akauliza kwa upole ule unaochoma, "Bi Zuhura, nawe kumbe? Amekuambukiza mkweo?"

Mama alisimama katikati ya kile chumba. Sijawahi kumwona mrefu vile.

"Sikilizeni nyote niseme mara moja. Ni wa ng'ombe. Mtoto huyu hajala haramu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuonja nyama mbichi, na mimi nilifundishwa na mama yangu, na ninyi mnaonicheka nimewaona jikoni kwenye shughuli mkilamba vidole. Nani hapa hajawahi kuonja? Anyooshe mkono."

Mkono haukunyooshwa. Nje jogoo aliwika, na mwanamke wa mayai akaanza kutazama kucha zake. Daktari alikuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Akasema basi wenye kuonja wapange mstari, vikopo vipo.

Mama alimeza kidonge chake nyumbani, kwa muhogo wangu na kisamvu changu, kutoka mkono wangu. Alikunja uso, akasema hata kisamvu hakina chumvi. Nilifurahi kutukanwa.

Siku hizi naonja kwa namna nyingine. Nachota nyama kidogo, naitupa kwenye kikaango, inaiva mpaka katikati, ndipo naweka ulimini. Inachukua muda wa kumenya kitunguu kimoja. Wateja wamerudi, wengine bila kusema kitu, na mimi pia sijasema. Na wewe rafiki wa rafiki, nenda kapime kwanza, usikimbilie duka la dawa kununua kwa kubahatisha. Ukipewa, meza siku hiyo hiyo. Usingoje mtu akuamini.

Ijumaa ya pili baada ya kidonge cha mama, nilikuwa nimesimama upande wa wanawake msikitini, safu inanyooshwa, nikasikia mtu anajipenyeza kulia kwangu na kunisukuma kwa bega. Manukato ya udi, pumzi ya mtu aliyetembea haraka. Alirukuu, akasujudu, akainuka bila kuguna hata mara moja. Tulipotoa salamu nikamgeukia nikamnong'oneza.

"Na magoti, mama?"

"Yamepona," akasema, akanifunika mkono kwa mkono wake.